Skrubu ya Kumi na Tatu

Kila asubuhi, akishamaliza kusali na kabla hajawasha jiko, mke wa Fundi alikuwa na kazi ambayo hakumwachia mtu. Alimkalisha mumewe kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni, akamfunga taulo shingoni, akavuta maji ya chumvi ya vuguvugu kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kisha akamwambia, "Haya, fungua."

Fundi alifungua kadiri alivyoweza, na hakuweza sana; vidole viwili vya mkewe viliingia kwa kubanana. Mke akawasha tochi ya simu, akainama, akatazama upande wa kushoto, chini, pale ambapo watu wengine wana magego na yeye alikuwa na fizi tupu iliyoshonwa. Alitazama kama anayechambua mchele mahali penye giza. Kisha akapiga maji taratibu, kona kwa kona, na Fundi akayatema kwenye beseni. Nusu ya maji yalimtiririkia kidevuni, kwa sababu mdomo wake wa chini upande ule ulikuwa na ganzi tangu upasuaji wa kwanza, haukujua kama umelowa au umekauka.

"Umesafika," mke alisema.

Na Fundi, ambaye zamani alikuwa na mdomo wa kumuuzia mtu kochi lake mwenyewe, aliitikia kwa kichwa tu.

Mambo yenyewe yalianza kama jino. Fundi alisema ni jino, akahamishia chakula upande wa kulia, maisha yakaendelea. Mwaka wa pili shavu lilikuwa linamtangulia kuingia mlangoni. Mwaka wa nne ndipo mkewe alipomshika mkono kama anayempeleka mtoto shule, akamfikisha hospitali. Wakaambiwa si saratani, wamshukuru Mungu, lakini ni uvimbe unaokula mfupa, na umekwisha kula kutoka kidevuni mpaka karibu na sikio. Walilikata taya la upande ule lote. Mahali pake wakaweka bamba la chuma, jembamba kama rula, la kushikilia uso usianguke.

Alikaa na chuma hicho mwaka mzima. Uso ulisimama, lakini maneno yalitoka kama ya mtu anayeongea akiwa ameingiza kichwa kwenye ndoo. Mate yalimtoka mbele za watu bila yeye kujua. Binti yao mkubwa, aliyeolewa mbali, akipiga simu, Fundi aliipokea, akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akamrudishia mkewe.

Ndipo ikaja habari ya kupandikiza mfupa. Daktari alieleza kwamba atakata kipande kutoka kwenye nyonga ya Fundi, akichonge kifuate mkunjo wa taya, akifunge kwenye lile bamba kwa skrubu. Mdogo wake Fundi, aliyefanya naye kazi kwenye karakana yao ya makochi, alikuja wodini siku ya pili baada ya upasuaji. Mtu huyu watu walimwita Sponji, kwa kuwa alikuwa mnene, laini, na hakukuwa na tusi lisilozama ndani yake likapotea. Alimtazama kaka yake aliyefungwa bandeji kichwani na kiunoni.

"Kaka," alisema, "sasa hapo ukikaa vibaya, utaumwa jino."

Fundi alicheka kwa tumbo, akashika nyonga kwa maumivu. Mke naye akacheka, halafu akaenda msalani akalia.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimketisha mke peke yake. Alikuwa mwanamume wa maneno machache, kucha zake zimekatwa mpaka nyama.

"Mama, huu mfupa nimeutoa mahali ulipokuwa ukipata damu, nimeuweka mahali ambapo itabidi uitafute. Miezi sita. Ukishika, tutapanda meno juu yake, atakula, atasema kama zamani, au karibu. Usiposhika, hapa kwetu hatuna njia ya pili. Nyama ya kuufunika ni hiyo hiyo moja. Ikioza inakuwa kovu, na kovu halilishi mfupa."

"Nifanye nini?"

"Kisiingie kitu mle ndani ila chakula laini na maji yako ya chumvi. Kisiingie kijiti wala sigara wala kidole chake. Yeye ana ganzi, hatasikia kitu kikimchoma. Wewe ndiye utakayesikia kwa niaba yake. Tazama kila siku."

"Nitatazama."

"Ukiona nyuzi nyeusi zimetokeza, usishtuke. Zitaanguka zenyewe."

Alitazama. Miezi mitatu alitazama asubuhi na jioni, akamsagia kila anachokula mpaka kikapita kwenye chujio la chai. Walipokwenda kupigwa picha, daktari aliibandika kwenye ubao wenye taa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu ukungu mweupe uliokuwa umeanza kuziba ufa upande wa kidevu. Skrubu zilipangana kama vifungo vya shati. "Hapa unaanza kushika," alisema. Mke alirudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda mchana kweupe, na alipotaka kushukuru akakosa neno, akabaki hapo tu mpaka magoti yakamuuma.

Baada ya picha ile, Fundi alirudi karakana. Hakurudi kufanya kazi, alirudi kuangalia.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati wa kukunja. Ukutani yaliegemea marobota ya sponji na majora ya vitambaa, katikati zilisimama meza mbili zilizojaa mikwaruzo, na kila kitu kilinuka gundi. Upande wa Sponji kulikuwa na kompresa ya hewa na bunduki ya kupigia pini; ilikohoa kutwa nzima, paf, paf, paf. Upande wa Fundi kulikuwa na nyundo. Fundi alikuwa wa mtindo wa kale. Viti vya mbao ngumu, vya ngozi, vya springi, vililetwa kwake kutoka mbali, kwa kuwa yeye alifunga kwa misumari midogo myeusi, na kilichofungwa na yeye hakikufunguka.

Namna yake ya kazi ilikuwa hivi. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa mpaka kilie. Mkono wa kulia una nyundo, na nyundo ina sumaku upande mmoja. Mkono wa tatu ni mdomo. Anatia misumari ishirini, thelathini kinywani kwa mkupuo, ulimi unaichambua mmoja mmoja, unaugeuza kichwa kitangulie nje, unauleta kati ya midomo. Nyundo inakuja, sumaku inauchukua, inaupiga. Kichwa hakigeuki, jicho haliondoki kwenye mshono. Tena Fundi alishikilia, kama walivyoshikilia waliomfundisha, kwamba msumari uliolowa mate unashika kutu ndani ya mbao na kung'ang'ania, na msumari mkavu ni wa kuazima tu. Miaka thelathini alikuwa amefanya hivyo. Alikuwa na uwezo wa kukuambia, bila kutema, amebakiwa na misumari mingapi.

Sasa alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akaangalia. Sponji ndiye aliyeongea na wateja.

Siku moja, mke alikuwa ameleta chupa ya supu iliyosagwa, akaingia mwanamke mmoja, mwalimu mkuu wa shule fulani, na dereva wake nyuma amebeba kiti cha ofisi yake. Kilikuwa kiti kizuri cha zamani, cha ngozi, kimechoka. Sponji alikuwa nje anaongea na muuza vitambaa. Mwalimu mkuu akamwendea Fundi.

"Wewe ndiye Fundi? Nimesifiwa sana kazi yako. Hiki kinatengenezeka?"

Fundi alisimama. Mke aliona jinsi alivyokikagua kile kiti kwa macho, jinsi macho yalivyowaka, jinsi alivyosahau. Akajibu. Alijibu maneno mengi, juu ya ngozi, juu ya springi, juu ya miguu ya kiti, na yote yalitoka yamekunjamana, na uzi wa mate ukashuka kutoka kona ya mdomo mpaka kwenye shati.

Mwalimu mkuu alirudi hatua moja nyuma. Hakuwa mwanamke mbaya. Alifanya vile ambavyo mguu hufanya wenyewe. Kisha akamgeukia mke, akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba Fundi hayupo, "Huyu naye ana nini? Anaelewa?"

"Anaelewa kila kitu," mke alisema. "Alifanyiwa upasuaji."

"Pole. Basi nitaongea na yule mwingine."

Akatoka nje kumtafuta Sponji. Fundi alibaki amesimama. Halafu akaenda kwenye meza yake, akavuta pakiti ya misumari ambayo haikuguswa kwa mwaka na zaidi, akamimina kiganjani, akatia mdomoni. Alikigeuza kile kiti kichwa chini na kuanza kukivua ngozi.

Mwalimu mkuu aliporudi na Sponji, alimkuta fundi anafanya kazi, misumari imemjaa mdomoni. Alimwuliza kitu, Fundi akaitikia kwa kichwa na kunyoosha kidole. Mwalimu mkuu akatabasamu, akamwambia Sponji, "Mafundi wa kweli hawapendi kusumbuliwa." Akaondoka ameridhika.

Mke aliyaona yote hayo amesimama na chupa yake ya supu. Akaelewa mara moja. Fundi makochi mwenye misumari mdomoni hatakiwi kusema. Hakuna anayemtazama mdomo, hakuna anayemwonea huruma, na mate yakimtoka ni mate ya kazi.

Alipaswa kusema pale pale. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alimwona mumewe akiipiga nyundo, mabega yameshuka, shingo imelegea, na ndani ya koo lake kulikuwa na mvumo mdogo, wimbo usio na maneno, ambao hakuwa ameusikia tangu shavu lilipoanza kuvimba. Akajiambia ni leo tu. Akaweka supu mezani, akaenda zake.

Haikuwa leo tu. Kesho yake alikuta misumari mdomoni, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Fundi akimwona mlangoni alitema yote kiganjani, taratibu, bila haraka ya mtu aliyefumaniwa, akala supu yake, akafuta mdomo, akaendelea.

"Shemeji," Sponji alimwambia siku moja, amemsindikiza mpaka nje. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mimi nimemwambia atumie bunduki ya pini, kaniangalia kama nimemtukania mama, na mama yetu ni mmoja. Nimwambie tena au unamwambia wewe? Wewe ukisema anasikia."

"Niachie mimi."

"Nimekuachia. Lakini usikalie, shemeji. Mimi ndiye mwenye kazi ya kukalia, nimeumbwa kwa ajili hiyo."

Alikalia. Asubuhi alimfunga taulo, akamwambia fungua, akatazama, fizi ilikuwa ya waridi na imetulia, akajipa moyo. Aliosha kwa uangalifu zaidi kuliko mwanzo, mara tatu kwa siku badala ya mbili, kana kwamba maji ya chumvi yangelipia. Alipopiga magoti kuombea mfupa ushike, aliona haya. Alikuwa anamwomba Mungu alinde mlango ambao yeye mwenyewe ameuacha wazi, tena akijua. Basi akafupisha sala. Akaombea wagonjwa wote kwa jumla, akaamka upesi.

Wiki ya tano, alimkuta Fundi amepiga magoti chini ya meza, anapitisha sumaku ya nyundo sakafuni. Sponji alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Anatafuta nini?"

"Msumari. Anasema hesabu yake imepungua mmoja."

"Kaka," Sponji akaongeza, akimwinamia, "pakiti ina mia tano. Huo mmoja umeenda likizo, uache upumzike."

Fundi hakucheka. Alimwonyesha mkewe kidole kimoja, akagusa mdomo, akaonyesha sakafu. Alikuwa na uhakika wa idadi aliyotia na uhakika wa idadi aliyopiga. Mke naye akapiga magoti, akapapasa vumbi la sponji, vipande vya uzi, maganda ya gundi. Walipata misumari saba ya zamani iliyoota kutu. Mweusi mpya hawakuupata. Fundi akajigusa koo, akainua mabega. Kama kaumeza, utatoka. Mambo hayo yalishawahi kutokea ujanani. Wakaacha.

Siku ya nne baada ya hapo, kwenye mwanga wa tochi, mke aliona nukta nyeusi kwenye fizi, nyuma kabisa, ndogo kama punje ya ufuta. Aliitazama muda mrefu. Akakumbuka maneno ya daktari juu ya nyuzi. Ulikuwa mwezi wa tano tangu upasuaji, na nyuzi za mwezi wa tano zilipaswa kuwa zimekwisha, hilo nalo alilifikiri, halafu hakulifikiri tena.

"Uzi unataka kutoka," alimwambia mumewe.

Akaupigia maji. Haukutoka. Kesho yake fizi ilikuwa imeufunika, hauonekani, naye akashusha pumzi.

Harufu ndiyo iliyomrudishia akili. Ilikuwa harufu tamu, nzito, ya kitu kilichofichwa nyuma ya kabati. Alipobonyeza fizi kwa kidole kilichofungwa pamba, usaha ulitoka pembeni ya kidole, wa manjano, wenye uzi mmoja wa damu. Fundi hakushtuka. Alikuwa anatazama dirishani, anasubiri aambiwe amesafika.

Hakuwasha jiko siku hiyo.

Kwenye chumba cha daktari, picha mpya iliwekwa ubaoni kando ya ile ya zamani. Daktari alisimama mbele yake akiwa amewapa mgongo. Alikuwa anahesabu, kalamu iligusa kioo, ikasogea, ikagusa. Alifika mwisho, akaanza tena mwanzo.

"Niliweka skrubu kumi na mbili," alisema. "Sita huku, sita huku. Hapa naona kumi na tatu."

Kalamu ilibaki mahali pamoja.

"Hii ya kumi na tatu haina nyuzi za skrubu. Ina ncha." Akageuka. "Huu ni msumari. Umezama kati ya fizi na mfupa, na mfupa wote kuuzunguka umekuwa mweusi. Msumari unaingiaje kwenye kinywa cha mtu niliyemkataza hata kidole?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Ilikuwa rahisi kwake; watu hawakutarajia aseme.

"Ni fundi makochi, daktari," mke alisema. "Misumari yao huishika mdomoni."

"Hata baada ya niliyosema?"

"Hata baada ya hapo."

"Na wewe ulijua?"

Mke alijua kuna njia mbili za kujibu. Angeweza kusema karakana si jikoni kwake. Mumewe alikuwa amemgeukia, anamtazama, na macho yake hayakuomba lolote.

"Nilijua. Wiki saba. Na kichwa cha huo msumari nilikiona kwa macho yangu, nikasema ni uzi wenu."

"Ungepiga simu."

"Ningepiga."

Mke alisubiri daktari amgombeze. Angetukanwa angepumua. Daktari alizima taa ya ubao, picha zote mbili zikawa karatasi nyeusi, akaanza kuandika.

Walimwingiza chumba cha upasuaji kesho yake saa nne. Mke na Sponji walikaa kwenye benchi la korido. Sponji alikuwa amejaza benchi, hana utani. Alisema mara moja tu, "Ningemnyang'anya ile pakiti, ningekuwa ndugu mbaya leo, si kitu." Mke alikuwa na maombi yake mkononi kama mtu aliyeshika barua asiyojua aipeleke wapi. Mwishowe alisema kweli. Alimwambia Mungu kwamba alinyamaza kwa sababu alipenda kumsikia mumewe akivuma, basi. Hakuomba kitu.

Daktari alitoka saa nane, kofia bado iko kichwani.

"Yuko salama. Mfupa tumeutoa wote." Akasita, kama anayepima kama aseme. Akasema. "Upande wa kidevu ulikuwa umeshika, mama. Nilitumia patasi kuubandua."

Nyumbani Fundi alilala siku kumi. Bamba la chuma nalo lilikuwa limetolewa, kwa kuwa lilikuwa limechafuka, na uso wake upande ule uliingia ndani, kidevu kikahama kikakaa chini ya kona ya mdomo, kama kitu kilichosukumwa na mtu anayetaka kupita. Hapakuwa na la kulinda tena, lakini kila asubuhi mke alimfunga taulo, akamwambia fungua, akaosha kovu.

Siku ya kumi na moja, kabla hajafungua, Fundi alimshika kifundo cha mkono. Akasema. Maneno yalikuwa mabovu kuliko yote ya nyuma, ila mkewe alikuwa amezoea kuyaokota.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kila siku ukiona."

"Kila siku."

Fundi alipumzika, akameza mate, mengine yakamtoka. Mke hakuyafuta.

"Mimi nilijua unajua," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme. Wewe ndiye unayetazama ndani. Nikasema, kama yeye anaona misumari na anaona fizi na hasemi, basi kumbe si kitu."

Mke aliweka bomba la maji chini. Maji ya chumvi yalikuwa yamepoa, ikabidi ayapashe upya. Akawasha jiko, akayapasha. Alirudi, akamwambia, "Fungua," naye akafungua.

Mwezi uliofuata Fundi alirudi karakana, na mke akaenda naye. Alikaa kwenye stuli kando ya meza, kisahani cha misumari pajani, akampa mmoja mmoja. Kazi ilikwenda polepole, na Fundi alikasirika mara nyingi, akaipiga meza kwa nyundo. Sponji kutoka upande wa pili akasema, "Shemeji, mpe miwili miwili, labda itazaana." Hakuna aliyecheka sana, lakini nyundo ilirudi kwenye kiti.

Asubuhi moja aliingia mteja mgeni, mwanamume wa tai, na kiti kilichochanika. Fundi alikuwa karibu na mlango. Mdomo wake ulikuwa mtupu, hana pa kujificha.

"Hiki kitakuwa tayari lini?"

Fundi alimtazama mkewe. Mke alishusha macho kwenye kisahani. Kompresa ikakohoa mara moja na kuzimika. Fundi akajibu.

Mteja aligeuka kumtafuta mtu mwingine, akamwona mke. "Anasemaje?"

Mke alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa na jibu ulimini, dogo, jepesi, la kuwafaa wote watatu.

"Ameshasema," alisema. "Muulize tena."

Fundi alimwangalia kama mtu aliyesukumwa mbele ya watu. Shingo yake ilivimba. Kisha akajifuta kidevu kwa mkono wa shati, akamgeukia mteja, akasema tena, neno kwa neno, akinyanyua vidole kuhesabu siku.

"Alhamisi?" mteja aliuliza.

Fundi akaitikia.

"Sawa. Alhamisi." Akaacha kiti, akatoka upesi kuliko alivyoingia. Fundi hakumsemesha mkewe mpaka jioni.

Alhamisi mteja hakuja mwenyewe, alimtuma dereva. Dereva alisimama kizingitini akauliza hewani, "Kiti cha bosi kiko tayari?" Sponji alifungua mdomo. Mke wa Fundi akamtazama, Sponji akaufunga, na wote wawili wakamsubiri Fundi.